Usalama katika maonyesho ya ndege wawindaji: mwongozo kwa watunza ndege wa Lubumbashi

Maonyesho ambamo tai, kozi au bundi huruka bila kamba mbele ya watu ni miongoni mwa shughuli chache za bustani ya wanyama zisizo na wavu wala ukuta kati ya mnyama na mtazamaji. Kinachomlinda mtoto aliyeketi mstari wa mbele ni maandalizi ya watu ambao pengine hata hatawaona. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaotunza ndege hao, au wanaofikiria kuanzisha maonyesho ya aina hiyo, katika Lubumbashi, mji ambao bustani yake ya wanyama imo ndani ya makazi ya watu, katikati ya barabara na nyaya za umeme, na ambao majira yake yana tabia zake. Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba hatari nyingi huamuliwa asubuhi, kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, na kwamba mtu anayemjua ndege ndiye anayepaswa kuwa na neno la mwisho kuhusu kama ndege huyo ataruka au hataruka.

Mizani huja kwanza

Ndege apimwe kila asubuhi, saa ile ile, kabla ya kula, juu ya mizani ile ile, na uzito uandikwe kwa gramu. Kila ndege ana uzito wake wa kurukia, yaani kiwango ambacho ana afya na nguvu lakini pia ana hamu ya chakula ya kutosha kumfanya arudi kwenye glavu ya mtunzaji anapoitwa. Akiwa mzito kupita kiwango hicho, atapanda juu ya mti na kukaa huko akijichambua manyoya, asisikie filimbi wala kujali nyama. Akiwa mwepesi kupita kiasi, hali huwa mbaya zaidi: hupiga kelele bila kukoma, hufunika chakula kwa mabawa yote mawili, hushambulia mkono usio na glavu, na huanza kutazama kila kitu kidogo kinachosogea kana kwamba ni windo, ukiwemo mkono wa mtoto ulioshika andazi. Kuna watu wanaoamini kwamba njaa ndiyo inayomfanya ndege awe mtiifu. Imani hiyo inawaumiza ndege na inawahatarisha watu, na haifai kupewa nafasi katika kazi hii.

Bundi mdogo mwenye gramu 300 akipungua gramu 10 amepoteza zaidi ya asilimia 3 ya mwili wake, ambayo ni kama mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 2 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mizani ya jikoni inayoruka gramu 20 kwa 20 haifai kwa bundi wala kwa kozi, ingawa inaweza kumtosha furukombe, ambaye jike wake hufikia kilo 3 na zaidi. Tena, uzito wa kurukia haukai mahali pamoja mwaka mzima. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai halijoto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Ndege aliyelala kwenye baridi hiyo ametumia sehemu ya chakula chake kujipatia joto, na akipewa kiasi kile kile alichokuwa akila mwezi wa tatu atapungua siku kwa siku bila mtu kuona, mpaka siku atakapomrukia asiyestahili. Katika miezi hiyo chakula kiongezwe, kibanda kizibwe upande unaotoka upepo, na uzito wa kurukia upandishwe kidogo kwa kufuata tabia ya ndege, kwa kuwa namba iliyoandikwa ukutani mwezi wa tatu haitoshi tena.

Pamoja na mizani, mtunzaji mwangalifu humpapasa ndege kifuani kuona kama mfupa wa kidari umechongoka au umefunikwa na nyama, hutazama kinyesi chake, na hutazama macho yake. Kisha hukagua mikanda ya ngozi iliyofungwa miguuni mwa ndege ili kumshikia. Ngozi hiyo hukauka haraka wakati wa kiangazi chetu. Vuta mkanda taratibu kwa vidole vya mikono miwili huku umeuelekeza kwenye mwanga, nawe utaona kwamba mpasuko, kama upo, huanza karibu kila mara pembezoni mwa tundu au pale ngozi inapopinda kuuzunguka mguu. Mkanda wenye mpasuko wa nywele moja hubadilishwa siku hiyo hiyo. Mafuta ya ngozi yapakwe kila wiki katika miezi ya ukavu.

Nani asiruke kabisa

Ndege aliyelelewa peke yake na mtu tangu akiwa kinda hajioni kuwa ndege. Huwaona watu kama jamaa zake, na kwa sababu hiyo haogopi uso wa mtu. Wengi huvutiwa na ndege wa namna hiyo kwa kuwa anaonekana mpole, lakini upole huo hudumu mpaka anapopevuka, jambo ambalo kwa tai wakubwa huchukua miaka minne au zaidi. Baada ya hapo, kila msimu wa kuzaliana, anaweza kumwona mtunzaji mmoja kama mwenzi wake na wengine wote kama wapinzani, akawarukia usoni. Tai wa malezi hayo, au bundi mkubwa wa malezi hayo, asirushwe bila kamba mbele ya watu wengi. Ikiwa historia ya ndege haijulikani, kama inavyotokea kwa wale waliokamatwa mikononi mwa wachuuzi na kuletwa bustanini, achukuliwe kuwa wa kundi hilo hadi tabia yake ithibitishe vinginevyo kwa muda mrefu.

Ndege aliyeletwa kwa namna hiyo ana pia upande wa sheria. Karibu ndege wote wa jamii ya tai, kozi na bundi wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchini mwetu Kongo uhifadhi wa asili unaongozwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, huku ICCN ikiwa taasisi ya serikali inayohusika na wanyamapori. Kumnunua kinda sokoni ili awe nyota wa maonyesho ni kuwalipa walioiba kiota, na ndege wa namna hiyo huwa na manyoya yaliyovunjika, hofu na magonjwa ambayo huyafanya maonyesho yenyewe kuwa ya hatari.

Neno la mwisho

Siku ambayo shule tatu zimeshafika na mabasi yameegeshwa nje, ni vigumu kumwambia mkurugenzi kwamba ndege hataruka. Ndiyo maana uamuzi huo usiachwe uamuliwe kwa mabishano ya wakati huo. Uwekwe kwenye maandishi mapema, ukiwa na saini ya mkuu wa bustani: mtunzaji wa ndege akisema hapana, ni hapana, hahitaji kueleza mbele ya watu, na hatakatwa mshahara. Ninaliona sharti hili kuwa zito kuliko vifaa vyote vinavyoweza kununuliwa, kwa maana kifaa hakiwezi kumzuia mtu anayeogopa kupoteza kazi yake asimfungue ndege ambaye moyo wake unamwambia asimfungue.

Ili uamuzi huo usiwe mzigo, bustani iwe na maonyesho mbadala yaliyo tayari. Ndege anaweza kubaki amefungwa kwenye glavu kwa umbali wa mita kadhaa, mtangazaji akaeleza jinsi jicho la kozi linavyofanya kazi, manyoya ya bundi yaliyodondoka yakapitishwa mikononi ili watoto waguse ncha zake laini zinazomwezesha kuruka bila sauti, na chambo kikazungushwa bila ndege ili waone jinsi windo linavyoigizwa. Walimu niliozungumza nao hawalalamiki wanapopewa somo la namna hiyo.

Uwanja, upepo na jua

Ndege hutua akiuelekea upepo. Katika kiangazi chetu upepo mwingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo uwanja upangwe ili mtunzaji anayempokea ndege asimame upande huo, na njia ya ndege ikatishe mbele ya watazamaji kutoka kwenye kigogo kimoja hadi kingine bila kupita juu ya vichwa vyao. Desturi ya kumpitisha tai juu ya umati, akichapa upepo wa mabawa kwenye nywele za watu, hupendwa sana na wapiga picha. Mimi naiona haifai kwa ndege yeyote mwenye uzito wa zaidi ya kilo moja, na hata kwa bundi mdogo ifanywe tu pale watazamaji ni watu wazima walioketi na kuelezwa.

Kisa kilichotokea Australia mwaka 2016 kinafaa kusimuliwa kwa kila mtunzaji mpya. Katika bustani ya jangwani ya Alice Springs, wakati wa maonyesho ya mwezi wa Julai, tai mkubwa wa nchi hiyo aliiacha njia yake, akaingia katikati ya watu na kumshika kichwani mtoto wa kiume aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. Mtoto aliumia kidogo usoni, na tai aliondolewa kwenye maonyesho wakati uchunguzi ukifanyika. Mtu aliyeshuhudia alisema kwamba mtoto huyo alikuwa akipandisha na kushusha zipu ya koti lake mara kwa mara. Zipu ilitoa sauti ndogo ya kukwaruza na mkono ukawa unasogea mahali pamoja, na kwa jicho la tai hiyo ni ishara ya kiumbe kidogo kilichonaswa. Si haki kumlaumu mtoto, kwa sababu watoto huchezea zipu. Swali la kujiuliza ni kwa nini tai mzima, mwenye nguvu ya kuua mnyama wa ukubwa wa sungura na zaidi, alikuwa huru mahali ambapo kupotoka kidogo kungemfikisha kwa watoto. Wenye tai wakubwa wanaweza kuwaonyesha wakiwa kwenye glavu, au wakiruka kwenye kamba ndefu ya mafunzo, na watazamaji watafurahi vilevile.

Jua lisiwe machoni pa mpokeaji, wala machoni pa ndege anayeruka kuelekea glavu. Saa nzuri ni asubuhi, jua likiwa limeshapasha ardhi kidogo. Kadiri mchana unavyokaribia, hewa ya moto hupanda, na pungu au tai hupanda nayo kwa mizunguko mipana hadi kuwa nukta, kisha upepo humchukua hadi upande wa pili wa mji. Kuanzia mwezi wa kumi joto lenyewe ni sababu ya kusitisha. Ndege anayehema mdomo wazi hafanyi kazi. Wakati wa mvua, dhoruba zetu hupenda alasiri, na ndege aliyelowa hana uwezo wa kujiokoa. Katika miezi ya kuchoma nyasi, moshi unaoinuka upande wa mapori huwavuta mwewe, kwa kuwa panzi na panya hukimbia moto. Mwewe aliyefunzwa anajua hilo kama yule wa porini, na ni busara asifunguliwe siku moshi unaonekana karibu.

Kuhusu mwewe wa porini, wao pamoja na kunguru huwafukuza ndege wa maonyesho kwa hasira, hasa karibu na viota vyao. Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama angani tu dakika kumi kabla ya ndege kufunguliwa. Nguzo za umeme zilizo karibu ni hatari kubwa zaidi: ndege mwenye mabawa marefu akitua juu ya nguzo na kugusa nyaya mbili, au waya na chuma kilichounganishwa na ardhi, hufa papo hapo. Uwanja uchaguliwe mbali na nguzo hizo, na vigogo virefu vya kutulia viwekwe pande zote ili ndege awe na mahali pazuri zaidi pa kupenda.

Watazamaji

Watu wakae chini kabla ndege hajatolewa kibandani, na kusiwe na mtu wa kuingia wala kutoka ndege akiwa huru. Mstari wa mbele uwe angalau mita tano kutoka kwenye njia ya ndege, watoto wadogo wakae katikati ya kundi wakiwa na watu wazima pande zote, na njia ya kutokea iwe nyuma. Chakula chote kifungwe mifukoni: mandazi, karanga, kipande cha kuku. Mbwa abaki nje ya bustani. Simu zishikwe chini ya usawa wa uso, bila fimbo ya kupigia picha, na taa ya kamera izimwe kwa ajili ya bundi.

Tangazo lifanywe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi, na mtu anayejua kuzungumza na watu. Mfano: «Papa, mama, na nyie watoto, tunawaomba mubaki mumekaa mpaka tuseme mwisho. Ndege akija karibu, musinyanyue mikono, musikimbie. Mulaze mikono kwenye magoti, mutulie.» Watoto warudie maneno hayo kwa sauti, kisha wayafanye kwa vitendo mara moja, kwa kuwa mwili ulioshafanya jambo hulikumbuka wakati wa hofu.

Bundi anahitaji maandalizi ya pekee. Wengi katika mji wetu humhesabu kuwa ndege wa walozi, na anapotokea ghafla kuna atakayepiga yowe, atakayesimama na kukimbia na kumkanyaga mwenzake, au atakayeokota jiwe. Kuwakaripia watu kwa imani yao hakusaidii. Bundi aletwe akiwa amefungwa kwenye glavu, kwa mbali, mtangazaji aeleze panya wangapi huliwa na familia moja ya bundi katika ghala la mahindi, awaulize watu maswali, awaache wacheke na wagune, na asifunguliwe mpaka minong'ono ipungue yenyewe. Hofu ikibaki nzito, asifunguliwe siku hiyo.

Ndege akimshika mtu

Mguu wa ndege mwindaji una kano zinazojifunga zenyewe pale goti linapokunjwa, hivyo mtu anayevuta mkono wake kwa nguvu huongeza mshiko na kuchana nyama. Aliyeshikwa asimame kimya. Mtunzaji aunyooshe mguu wa ndege taratibu, kwa maana mguu ulionyooka hulegeza vidole, kisha aondoe kidole cha nyuma kwanza, ambacho ndicho chenye kucha yenye nguvu kuliko zote. Kumfunika ndege kichwa kwa kitambaa cheusi humtuliza. Kidonda kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, hata kama ni tundu dogo, kwa sababu kucha zilizokanyaga nyama iliyooza hupeleka uchafu ndani sana, na mwenye kidonda apelekwe hospitali kuangaliwa na kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda. Jicho lililoumia lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kitu safi kisichogandamiza, na safari ya hospitali ianze mara hiyo. Jina la hospitali, gari na dereva vijulikane kabla ya maonyesho.

Ndege akitoroka

Ndege asirushwe kamwe na kamba fupi ikining'inia mguuni, wala na mikanda yenye tundu la kufungia. Kamba hunasa tawini, na ndege hufa akining'inia kichwa chini usiku ule ule. Mikanda ya kurukia iwe laini na isiyo na tundu, na mgongoni au mkiani kuwe na kifaa cha kufuatilia ambacho betri yake imejaribiwa asubuhi hiyo. Pete ya mguuni iwe na namba ya simu ya bustani.

Akitoroka, maonyesho yasitishwe, watazamaji waondolewe kwa utulivu, na mtu mmoja asimwondolee ndege macho. Viongozi wa kartie (mitaa) za karibu na redio za mji wapewe habari mapema, pamoja na ahadi ya zawadi kwa atakayepiga simu bila kumgusa ndege. Jioni ikiingia kabla hajashuka, mahali alipolala pawekewe alama, na watunzaji wawepo hapo alfajiri na chambo anachokijua, kabla hajaamka na kuondoka. Kila siku inayopita ni hatari kwake. Bundi mkubwa aitwaye Flaco, aliyetoka katika bustani ya wanyama ya Central Park mjini New York tarehe 2 Februari 2023 baada ya mtu kukata wavu wake, aliishi mjini zaidi kidogo ya mwaka mmoja akila panya, akafa tarehe 23 Februari 2024 baada ya kugonga jengo. Uchunguzi ulikuta mwilini mwake virusi kutoka kwa njiwa na sumu nyingi za panya. Sumu za panya zinauzwa katika masoko yetu pia, na panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kuliko wote kukamatwa.

Chakula na usafi

Kwa sababu hiyo hiyo, panya wa mjini wasitumike kuwalisha ndege. Njiwa wabichi nao huleta ugonjwa wa koo. Vifaranga na panya waliofugwa ni bora, lakini umeme wetu hukatika, na nyama iliyoyeyuka kisha ikaganda tena haifai kulishwa. Weka kipande cha barafu ndani ya kikombe kwenye friza na juu yake weka sarafu: ukikuta sarafu imezama ndani ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu usiku, na nyama itupwe. Kuku wa jirani wakifa kwa wingi, kwa kideri au kwa mafua ya ndege, funga maonyesho, zuia wageni wasifike vibandani, na mwite daktari wa mifugo.

Daftari

Kila maonyesho yaandikwe siku hiyo hiyo: uzito, upepo, idadi ya watazamaji, ndege alirudi kwa mwito wa ngapi, na hasa yale yaliyokaribia kuwa ajali, kama vile ndege kutua karibu na benchi, kumtazama mtoto mmoja kwa muda mrefu, au kuchelewa kuiachia glavu. Mambo haya hayana damu, kwa hiyo husahaulika upesi. Daftari lisomwe na wote kila wiki, na ndege aliyeandikiwa jambo la namna hiyo mara mbili katika wiki moja arudishwe kwenye kamba ndefu ya mafunzo, uwanja ukiwa mtupu, mpaka mtunzaji wake atakaposema yuko tayari.